Zana, mifumo ya usanifu na mpangilio wa kazi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wasanifu wa violesura

Majibu haya ni ya mtu anayesanifu skrini za programu na tovuti, awe ndiyo anaanza au ameshakaa kwenye kazi hii muda mrefu. Utaona maswali ya tokeni (maamuzi ya usanifu yaliyopewa majina), majina na makabidhiano yamepewa nafasi kubwa kuliko maswali ya programu ya kuchorea. Ni kwa makusudi: programu unaweza kuibadilisha mwakani, lakini maamuzi uliyoyaandika vizuri utahama nayo.

## Nianze na programu ipi?

Figma, kama huna sababu mahususi ya kuchagua nyingine. Ilifunguliwa kwa umma mwaka 2016, na kilichoitofautisha na zilizoitangulia ni kwamba inafanya kazi ndani ya kivinjari. Watu kadhaa wanaingia kwenye faili moja kwa wakati mmoja, na anayetaka kuiona kazi anahitaji kiungo tu, iwe kompyuta yake ni ya Windows, Mac au Linux. Ndiyo maana maktaba nyingi za umma, programu-jalizi na mafunzo utakayokutana nayo yametengenezwa kwa ajili yake.

Sketch, iliyotoka mwaka 2010, bado ni zana nzuri, ila programu yake ya kuchorea ni ya Mac peke yake. Kama timu nzima inatumia Mac na inapenda faili zikae kwenye kompyuta zao, sioni haja ya kuhama.

Penpot inastahili kuzungumzwa zaidi ya inavyozungumzwa sasa. Ni programu huria, unaweza kuisimika kwenye seva yako mwenyewe, na imejengwa juu ya viwango vya wavuti kama SVG (ya michoro) na CSS (ya mwonekano wa kurasa). Mipangilio yake ya vipengele inafuata kanuni zilezile za CSS, kwa hiyo unachokiweka kwenye paneli kinakaribiana sana na atakachoandika mtengenezaji programu. Kwa taasisi isiyoruhusiwa kuweka kazi zake kwenye seva za kampuni nyingine, hiyo ndiyo ningeipendekeza kwanza.

## Na programu niliyoizoea ikifungwa?

Hutokea. Adobe XD iliacha kuuzwa peke yake mwaka 2023. InVision, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa mahali pa kuonyeshea prototaipu (mifano ya kujaribia) kwa wateja, ilifunga huduma zake mwishoni mwa 2024. Hata Figma nusura ibadili mmiliki: Septemba 2022 Adobe ilitangaza kuinunua kwa dola bilioni 20, na mpango ukavunjwa Desemba 2023 baada ya wadhibiti wa Umoja wa Ulaya na Uingereza kuutilia shaka.

Kinga yake ni kuweka nje ya programu vitu vichache: aikoni katika SVG, thamani za rangi na nafasi katika JSON (faili la maandishi linalosomwa na programu), maelezo ya kila komponenti (kipande kinachorudiwa, kama kitufe) katika maandishi ya kawaida, na picha za skrini zilizokubaliwa. Ukiwa navyo, kuhama kunabaki kuwa kazi ya kuchora upya. Ukiwa huna, unarudi kuamua upya mambo ambayo timu ilishayamaliza, na hapo ndipo miezi inapopotea.

## Mfumo wa usanifu ni nini hasa? Nina maktaba ya komponenti tayari, si ndiyo huo?

Maktaba ni sehemu yake. Maktaba inakuonyesha kitufe kilivyo. Mfumo unakueleza kitufe hicho kitumike wapi na kisitumike wapi, maneno yake yaandikweje, kifanyeje mtu akitumia kibodi badala ya kipanya, na aulizwe nani kikionekana hakitoshi. Kwa hiyo ndani yake kuna tokeni, komponenti zilizochorwa pamoja na zile zilizoandikwa kwa msimbo, miongozo ya matumizi, na utaratibu wa kuubadilisha mfumo wenyewe. Hicho cha mwisho ndicho hurukwa mara nyingi, na kikikosekana vingine vyote huanza kuchakaa mapema.

Ili kuelewa, soma mifumo ya wenzako iliyowekwa wazi. Material ya Google ilitangazwa mwaka 2014 na utaiona karibu kila mahali kwenye Android. Carbon ya IBM imeenda kwa kina kwenye majedwali na skrini zenye data nyingi. Ningependa sana kila msanifu asome mfumo wa serikali ya Uingereza, GOV.UK Design System, angalau ukurasa mmoja tu: ule wa kujaza tarehe. Kwa tarehe ambayo mtu anaijua kwa kichwa, kama ya kuzaliwa, wanatumia visanduku vitatu vya siku, mwezi na mwaka. Kalenda haimsaidii mtu huyo; inamlazimisha kurudi nyuma miaka na miaka ili kufika kwenye tarehe anayoijua tayari. Wanasema pia kielekezi kisirukie kisanduku kinachofuata chenyewe, kwa sababu kunawachanganya watu na kugongana na namna kibodi inavyofanya kazi kwa kawaida. Hayo hayaonekani ukiangalia mchoro wa visanduku vitatu. Yapo kwenye maandishi, na maandishi hayo ndiyo mfumo.

## Ninafanya kazi peke yangu. Nauhitaji kweli?

Mfumo mzima hapana. Orodha ya rangi, ngazi za ukubwa wa maandishi, ngazi za nafasi na komponenti sita au saba unazozirudia, ndiyo. Utanishukuru siku utakapoombwa na mteja abadilishiwe rangi kuu.

## Tokeni ni kitu gani, na kwa nini kila mtu anazizungumzia?

Tokeni ni uamuzi wa usanifu uliopewa jina. Badala ya kusema usuli wa kitufe ni #1D4ED8 (namba ya rangi fulani ya buluu), unasema ni `rangi-tendo-kuu`, na mahali pamoja panaandikwa kwamba `rangi-tendo-kuu` kwa sasa ni #1D4ED8. Istilahi yenyewe ilitoka kwa timu ya Salesforce katikati ya miaka ya 2010, walipohitaji thamani zilezile zifike kwenye wavuti, Android na iOS bila mtu kuzinakili kwa mkono.

Tuchukue kitufe kimoja, kile cha Tuma, tukiangalie kwa karibu.

Ngazi ya kwanza ni malighafi: `buluu-700` ni #1D4ED8, `buluu-300` ni #93C5FD, `nafasi-4` ni pikseli 16. Majina haya yanaeleza kitu kilivyo, basi. Hayaruhusiwi kutumika moja kwa moja kwenye skrini.

Ngazi ya pili ni maana: `rangi-tendo-kuu` inaelekeza kwa `buluu-700`, `rangi-onyo` inaelekeza kwa nyekundu fulani, `rangi-maandishi-hafifu` inaelekeza kwa kijivu fulani. Hapa ndipo akili ya mfumo ilipo. Mteja akitaka kijani badala ya buluu, unabadilisha mstari mmoja katika ngazi hii. Mandhari meusi yakija, `rangi-tendo-kuu` inaelekezwa kwa `buluu-300` ndani ya mandhari hayo, na kitufe hakiguswi.

Ngazi ya tatu ni ya komponenti: `kitufe-kuu-usuli` inaelekeza kwa `rangi-tendo-kuu`. Wengi huikimbilia hii mapema na kujikuta na mamia ya tokeni zinazorudia jambo lilelile. Ushauri wangu ni usiifungue mpaka uone komponenti inayohitaji kweli kutofautiana na nyingine. Timu nyingi zinaishi vizuri kabisa na ngazi mbili.

Kwenye Figma tokeni zinahifadhiwa kama vigeu, vilivyoingia mwaka 2023. Vinabeba rangi, namba, maandishi au ndiyo na hapana, na kila kundi linaweza kuwa na modi kadhaa, kwa mfano mchana na usiku. Nje ya Figma, kikundi kilicho chini ya W3C, shirika la viwango vya wavuti, kimeandaa muundo wa pamoja wa JSON ambamo kila tokeni ina `$value` na `$type`. Kutoka kwenye JSON hiyo, zana kama Style Dictionary, iliyoanzia Amazon, inazalisha CSS kwa wavuti, XML kwa Android na Swift kwa iOS. Mnyororo huo ukikamilika, msanifu anabadilisha thamani moja na kila jukwaa linaipata kwa jina lilelile.

## Nizipeje majina tokeni na komponenti?

Kwa kazi inayofanyika, kamwe si kwa mwonekano, isipokuwa ile ngazi ya malighafi. `maandishi-mekundu` litakudanganya siku onyo litakapogeuzwa rangi ya chungwa. `maandishi-kosa` halitakudanganya.

Anza na kilicho pana umalizie na kilicho finyu: `rangi-usuli-kadi-iliyochaguliwa`. Ukiyapanga hivyo, orodha inajikusanya yenyewe kwa alfabeti, na anayetafuta usuli anazipata tokeni zote za usuli mahali pamoja. Chagua lugha moja, ukubaliane na watengenezaji kabla ya jina la kumi kuandikwa, kwa sababu jina la tokeni linaishia ndani ya msimbo, na kulibadilisha huko ni kazi ya watu wengine. Kuchanganya lugha mbili katika orodha moja ndilo jambo baya zaidi unaloweza kufanya hapa.

Ukubwa upewe majina yenye nafasi ya kuongeza katikati. Ndiyo maana mifumo mingi inatumia 100, 200, 300 kwa rangi. Ikihitajika ngazi mpya, 250 ipo wazi inasubiri.

## Komponenti moja iwe na vibadala vingapi?

Hesabu kabla hujachora. Kitufe chenye aina 4, ukubwa 3 na hali 6 kina vibadala 72, yaani matoleo 72 ya komponenti ileile. Ukiongeza aikoni ya kushoto kuwepo au kutokuwepo, vinakuwa 144. Ukiongeza na ya kulia, 288, na faili linaanza kukwama.

Aikoni isiwe kibadala. Iwe sifa ya kuwasha na kuzima, ambayo Figma inayo, na aikoni yenyewe iwe sifa ya kubadilishana. Maandishi vilevile yawe sifa. Hapo umerudi kwenye 72. Ukubwa ukiusimamia kwa modi za vigeu, unabaki na 24, idadi ambayo mtu mmoja anaweza kuikagua kwa macho bila kuchoka.

Kuhusu hali, sita ninazozisema ni ya kawaida, ya kielekezi kikiwa juu, ya kubonyezwa, ya kulengwa kwa kibodi, ya kupakia, na ya kuzimwa. Ya kulengwa ndiyo husahaulika kuliko zote, na kusahaulika kwake kunamfungia mtu mlango. Anayetembea kwenye ukurasa kwa kitufe cha Tab hana kielekezi. Mzingo unaoonekana kuzunguka kitufe ndio pekee unaomwambia yuko wapi. Uchore mzingo huo mapema, wenye unene wa pikseli 2 angalau, ukae nje ya kitufe kwa nafasi ndogo ili uonekane hata kitufe kikiwa na rangi nzito. Halafu ujaribu juu ya usuli wa kila rangi iliyomo kwenye mfumo.

Ya kuzimwa nayo itumike kwa kiasi. Kitufe cha Tuma kilichofifia mpaka fomu ijazwe yote kinamwacha mtu akitazama skrini asijue kakosea wapi. Kiache kibonyezeke, kisha umwonyeshe sehemu iliyobaki na umweleze kwa maneno.

## Gridi ya pikseli 8 ni lazima?

Si lazima, lakini inapunguza mabishano. Nafasi zote zikiwa 4, 8, 16, 24, 32, 48, hakuna anayepoteza dakika kuchagua kati ya 13 na 14. Maandishi yana mantiki yake. Urefu wa mstari ukiwa mara 1.4 hadi 1.6 ya ukubwa wa herufi kwa aya ndefu, utakuwa salama, kisha uusogeze kwenye namba ya karibu inayogawanyika kwa 4.

## Nitajuaje kama rangi zangu zinasomeka?

Pima, usikadirie kwa jicho, hasa kama skrini yako ni nzuri na chumba chako kina mwanga uliopoa. WCAG, mwongozo wa kuifanya wavuti itumike na watu wote wakiwemo wenye ulemavu, unataka uwiano wa utofautishaji usiopungua 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, na 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa, yaani kuanzia pikseli 24, au takriban 18.7 yakiwa mazito. Mipaka ya sehemu za kujaza na aikoni zinazobeba maana nazo zinahitaji 3 kwa 1. Hilo liliongezwa katika toleo la 2.1 la mwaka 2018.

Tazama mfano huu. Kijivu #767676 juu ya nyeupe kina uwiano wa takriban 4.54. Kinapita. Kijivu #777777, ambacho hakuna jicho litakalokitofautisha na hicho cha kwanza, kina takriban 4.48. Hakipiti, na mwongozo hauruhusu kukiinua hadi 4.5. Kijivu #999999, kipenzi cha maandishi ya maelezo madogo, kinabaki na takriban 2.85 tu, na mtu aliye nje juani na simu mkononi hatakiona kabisa.

Kwa hiyo upimaji ufanyike kwenye ngazi ya tokeni. Ukishathibitisha kwamba `rangi-maandishi-hafifu` inapita juu ya kila usuli unaoruhusiwa, huna haja ya kupima kila skrini. Andika jozi zinazoruhusiwa karibu na tokeni yenyewe.

Na usitegemee rangi pekee kubeba ujumbe. Takriban mwanaume 1 kati ya 12 wenye asili ya Ulaya Kaskazini ana aina fulani ya upofu wa rangi, na kwa wengi wao nyekundu na kijani ndizo zinazofanana. Kosa liwe na aikoni na maneno.

## Eneo la kugusa liwe na ukubwa gani?

Apple inashauri pointi 44 kwa 44, Material inashauri dp (kipimo cha Android) 48 kwa 48. WCAG 2.2 ya Oktoba 2023 inaweka kima cha chini cha pikseli 24 kwa 24 za CSS, pamoja na vighairi vyake. Chukua kubwa. Aikoni inaweza kubaki na pikseli 24 kwa macho huku eneo linalopokea mguso likiwa 48. Hakikisha tu umelichora kama fremu isiyoonekana ili mtengenezaji alikute.

## Mandhari meusi: nigeuze tu rangi?

Ukigeuza tu, utapata vivuli visivyoonekana na rangi zinazopiga kelele. Material ilipendekeza usuli wa #121212 badala ya nyeusi tupu, na kwenye giza kina kinaonyeshwa kwa kuifanya kadi iliyo juu iwe nyeupe-nyeupe zaidi ya iliyo chini. Rangi zilizokolea zishushwe ukali. Kama ngazi ya maana kwenye tokeni zako imekaa vizuri, kazi yote ni kujaza safu ya pili ya thamani. Kama kila siku unagundua skrini ambayo haikubadilika, tafuta mahali mtu alipotumia malighafi moja kwa moja.

## Njia zipi za mkato za kibodi zinaokoa muda kweli?

Kwenye Figma, hizi ndizo mkono wangu hauziachi. Shift + A inaweka mpangilio wa kiotomatiki, ambao ukiujua vizuri umeijua nusu ya programu. Enter inakuingiza ndani ya fremu, Shift + Enter inakutoa kwenda juu, na Ctrl pamoja na kubofya inakupeleka moja kwa moja kwenye kitu kilichozama ndani. Ukishika Alt na kupitisha kielekezi juu ya kitu kingine unaona umbali kati yake na ulichokichagua. Ctrl + R ukiwa umechagua tabaka nyingi inazipa majina zote kwa pamoja. Ctrl + Alt + K inageuza fremu kuwa komponenti. Kwenye Mac, Ctrl inakuwa Command na Alt inakuwa Option.

Mpangilio wa kiotomatiki nauwekea mkazo kwa sababu unakufundisha kufikiri kama CSS inavyofikiri: kitu hiki kikumbatie kilichomo, kile kijaze nafasi iliyobaki, kingine kibaki na upana wake. Ukiwa umechagua mojawapo kwa kila fremu, swali la mtengenezaji kuhusu skrini nyembamba limeshajibiwa ndani ya faili.

## Faili langu limekuwa msitu. Nilipangeje?

Tenganisha kurasa kwa hali ya kazi: zilizo tayari kujengwa, zinazojadiliwa, za majaribio, na za zamani. Mtu wa nje akifungua faili, ukurasa wa kwanza umwambie kazi hii ni ya nini, iko hatua gani na amuulize nani. Jambo moja kubwa, faili moja. Usimalizie jina la fremu kwa neno «mwisho». Tumia historia ya matoleo, uliandikie toleo maelezo kila mnapokubaliana, na jina libaki lilelile.

## Watengenezaji wanajenga kitu tofauti na nilichochora. Nifanye nini?

Mara nyingi walijenga kile mchoro ulichokiacha wazi. Skrini iliyochorwa inaonyesha dakika moja tu ambayo kila kitu kimekwenda sawa: jina ni fupi, mtandao upo, orodha ina vitu vitano, picha imepakia. Programu inaishi kwenye dakika nyingine zote.

Kwa kila skrini muhimu, chora au andika hali ya kupakia, hali tupu, hali ya kosa, hali ya kitu kimoja, na hali ya vitu vingi kupita kiasi. Kisha weka maelezo kando ya fremu. Hivi ndivyo maelezo ya skrini moja ya wasifu yanavyoweza kusomeka:

«Jina linachukua mistari isiyozidi 2; likizidi, linakatwa kwa nukta tatu. Picha isipopatikana, onyesha herufi ya kwanza ya jina. Akibonyeza Hifadhi, kitufe kinaingia hali ya kupakia na upana wake haubadiliki. Mtandao ukikatika, alichoandika kinabaki kwenye fomu, na ujumbe unatokea juu ya kitufe, siyo juu ya ukurasa. Kisoma skrini kiutangaze ujumbe huo mara moja.»

Sentensi tano, dakika kumi za kuandika. Kila moja inazuia swali ambalo vinginevyo lingekuja kazi ikiwa imekaribia kukabidhiwa, au lisingekuja kabisa, mtu akaamua peke yake usiku.

La pili ni wakati. Mkaribishe mtengenezaji mchoro ukiwa bado mbaya. Akikwambia mapema kwamba orodha haiwezi kupangwa kwa namna hiyo kwa sababu ya jinsi data inavyokuja, umepoteza saa moja ya kuchora. Akikwambia baada ya idhini ya kila mtu, mnapoteza mengi zaidi, na mara nyingi mnapoteza na kuaminiana.

La tatu: majina ya komponenti kwenye faili yalingane na ya kwenye msimbo, herufi kwa herufi. Sifa pia. Kama wewe unaita `ukubwa` na thamani zake `ndogo`, `wastani`, `kubwa`, na msimbo uwe hivyohivyo. Hilo peke yake linaondoa sehemu kubwa ya kutoelewana.

Na kazi ikishajengwa, kaa na aliyeijenga mbele ya kifaa halisi mkaipitie. Orodha ya kasoro iliyotumwa kwa maandishi, bila mazungumzo, husomwa kama mashtaka.

## Maandishi ya kujazia au ya kweli?

Ya kweli, tangu mchoro wa kwanza. Weka na jina refu kuliko yote unayoweza kulipata, kiasi cha fedha chenye tarakimu tisa, na mtu asiye na jina la ukoo. Programu itakayotafsiriwa iachiwe nafasi, maana kitufe chenye neno fupi katika lugha moja kinaweza kuwa kirefu mara mbili katika nyingine. Ongeza ukubwa wa herufi hadi asilimia 200 pia, kwa kuwa WCAG inataka maandishi yaweze kukuzwa hadi hapo bila kupoteza kitu, na Android tangu toleo la 14 inaruhusu watu wafike hapo.

## Nijaribu na watu wangapi?

Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa matumizi, aliandika mwaka 2000 kwamba watu 5 hufichua takriban asilimia 85 ya matatizo. Hesabu hiyo inasimama juu ya dhana kwamba kila mtu hukutana na takriban asilimia 31 ya matatizo yote, kiwango ambacho hubadilika kutoka mradi hadi mradi, na kwamba waliopimwa ni kundi moja la watumiaji. Jambo alilolisisitiza, na ambalo hunukuliwa kidogo, ni kufanya duru kadhaa ndogo: watu 5, rekebisha, watu 5 wengine. Fuata hilo. Wakati wa jaribio mpe mtu kazi ya kufanya, kisha unyamaze.

## Akili mnemba itumike wapi katika kazi hii?

Kwenye rasimu za haraka, kubadili majina ya tabaka nyingi, kutunga maandishi ya kujaribia yenye urefu tofauti, na kuandika prototaipu ya msimbo ili uone mwendo halisi. Inachokupa kikague kwa tokeni zako na kwa vipimo vya utofautishaji kama ambavyo ungekagua kazi ya mtu mwingine yeyote, kwa sababu hupenda kubuni rangi na nafasi ambazo hazimo kwenye mfumo wako. Usiipe data za watumiaji wa kweli.

## Nani aruhusiwe kubadilisha mfumo, na mabadiliko yatangazwe vipi?

Mapendekezo yatoke kwa yeyote; kuidhinisha kubaki kwa watu wachache wenye majina yanayojulikana, angalau mmoja wao akiwa mtengenezaji programu. Pendekezo lije na skrini zisizopungua mbili zinazolihitaji. Skrini ikiwa moja tu, hiyo ni komponenti ya mradi huo, ikae huko kwanza.

Matoleo yahesabiwe kama programu zinavyohesabiwa. Katika 3.2.1, namba ya kwanza inapanda mabadiliko yakivunja kilichopo, ya pili kikiongezwa kitu kisichovunja, ya tatu kikirekebishwa kitu. Msanifu akiona 4.0.0 anajua atenge muda. Komponenti inayoondolewa isifutwe ghafla: iwekewe alama kwamba inastaafu, itajwe mbadala wake, na iachwe kwa toleo moja kubwa zaidi.

## Nitajuaje kama mfumo unatumika kweli?

Angalia komponenti zilizotenganishwa na maktaba. Mtu akikitenganisha kitufe, kuna kitu alikihitaji na hakukipata. Pitia faili za mwezi uliopita, andika kila mahali palipotenganishwa, kisha mwulize aliyefanya hivyo alikuwa anajaribu kupata nini. Ukimuuliza kwa nia ya kujifunza atakwambia. Ukimuuliza kwa kumkaripia ataanza kuficha. Upande wa msimbo, tafuta rangi zilizoandikwa moja kwa moja kwa alama ya reli badala ya jina la tokeni. Orodha hizo mbili zikikaa pamoja, tayari unazo kazi za kuanza nazo katika toleo lijalo.